Marwe Hakuwa Mgeni

Ndugu msomaji, nina deni, na maandishi haya ni njia yangu ya kulilipa.

Krismasi moja tulikusanyika nyumbani Old Moshi, kama ilivyo desturi ya watu wa mlimani ambao kila Desemba hupanda kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko kuja kuwaona wazazi na kuyapalilia makaburi. Mpwa wangu, msichana wa miaka 13, alikuwa ameketi kihambani chini ya migomba akisoma kitabu cha katuni cha Kijapani, kilichotoka katika mitumba ya Kiborloni. Vitabu vya namna hiyo huitwa manga, wala si Manga ile ya pilipili. Jaladani palichorwa msichana mwenye upanga.

Mzee mmoja aliyekuja kututembelea alikichukua, akakigeuza huku na huku, akacheka. "Mnawasomesha watoto ushetani," alisema. "Msichana na upanga wapi na wapi? Haya si yetu." Watu wote wakacheka pamoja naye. Mtoto akanigeukia mimi, maana anajua kuwa napenda vitabu. "Mjomba, kwani katika hadithi zetu hakuna msichana aliyekwenda popote?" Nami, kwa kumstahi mzee, nikajibu: "Hakuna."

Nilisema uongo. Bibi yangu alinisimulia habari za Marwe nikiwa mdogo kuliko huyo mpwa wangu, tukiwa tumeota moto jikoni kwake. Marwe na kaka yake walitumwa kulinda shamba la maharage lisiliwe na nyani. Kiu ikawashika, wakaenda kunywa maji, na waliporudi wakakuta nyani wamemaliza kila kitu. Kwa hofu ya wazazi wake Marwe akajitosa katika bwawa, akazama hadi nchi ya wafu. Huko aliishi kwa bibi kizee. Alipotamani kurudi kwao, yule bibi akamwuliza: wataka cha moto au cha baridi? Akachagua cha baridi, akatumbukiza mikono katika chungu, ikatoka imejaa bangili. Alirudi duniani amepambwa, wachumba wakafurika, naye akawakataa wote mpaka alipofika Sawoye, mtu mwenye ugonjwa mbaya wa ngozi, ambaye jina lake alikwisha kuambiwa kule chini. Wakaoana, na ule ugonjwa ukamtoka. Wenye wivu walipomwua mumewe, Marwe alimfufua, akamficha, na maadui walipokuja kupora mali wakamkuta Sawoye yu hai, akawaua.

Sasa niambie, ndugu msomaji: ni nini kilichomo katika manga au riwaya za ajabu za Ulaya ambacho hakimo humo? Safari ya kuzimu imo, mtihani wa kuchagua umo, uganga wa kufufua umo, tena yote yamo mikononi mwa msichana. Wapo wasemao kwamba vitabu hivi ni ugeni. La hasha! Sisi ndio tuliomfanya Marwe mgeni kwao. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyekaa Old Moshi miaka mingi, alikusanya hadithi za Wachaga na kuzichapa kwa Kijerumani mwaka 1914. Alice Werner aliisimulia hadithi ya Marwe kwa Kiingereza katika kitabu chake cha mwaka 1933. Watoto wa Ujerumani na Uingereza waliwekewa hadithi za mlima wetu kabatini, na mimi niliyezaliwa juu ya mlima wenyewe nikamjibu mtoto wetu kwamba hakuna.

Wapo pia wasemao kuwa hadithi za ajabu ni uongo, na kwamba mtoto asome mambo ya kweli. Watu hao hao humsifu Shaaban Robert, na wanafanya vyema. Lakini Kusadikika ni nini kama si nchi inayoelea angani? Mtu mzima akisafiri hewani kwa Kiswahili sanifu tunaita falsafa, msichana akisafiri tunaita upuuzi. Nami namheshimu sana Shaaban, aliyeandika hata wasifu wa Siti binti Saad, ila hesabu mwenyewe wajumbe wa Kusadikika waliotumwa pande zote za ulimwengu. Ni sita, na wote ni wanaume. Kisha tazama riwaya zetu za mambo ya kweli. Rosa wa Kezilahabi, katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, anaishia kujiua. Ni riwaya kubwa, wala sisemi isisomwe. Nasema tu kwamba binti anayekutana na wasichana wanaoangamia peke yao atadhani kuangamia ndiyo kazi ya msichana kitabuni.

Hoja ya tatu ndiyo inayosemwa kwa sauti ya chini: vitabu hivi vitawatia wasichana jeuri. Hapa sina budi kukubali jambo moja. Si kila kitabu chenye msichana na upanga ni kizuri. Zipo manga zinazomvua msichana nguo kila ukurasa na kumwita shujaa. Kipimo changu ni kimoja: je, yeye ndiye anayeamua? Marwe aliamua. Na binti anayejifunza kuamua kitabuni siwezi kumwita jeuri. Huyo anajiandaa kwa siku ambayo sisi wajomba hatutakuwapo.

Kwa kipimo hicho napendekeza vichache. Mzazi aanze na Alisi, mtoto aliyeingia katika shimo la sungura. Aliletwa kwa Kiswahili mwaka 1940 kwa jina la Elisi Katika Nchi ya Ajabu, na Ida Hadjivayanis akamtafsiri upya mwaka 2015. Kwa anayesoma Kiingereza, ipo The Tombs of Atuan ya Ursula Le Guin, ya mwaka 1971, habari za Tenar aliyenyang'anywa jina lake utotoni ili atumikie makaburi, hata akathubutu kutoka. Ipo Akata Witch ya Nnedi Okorafor, ya mwaka 2011, ambayo mambo yake yanatokea Nigeria. Ile nyingine yake, Who Fears Death ya mwaka 2010, ni ya watu wazima. Na katika manga ipo Nausicaä ya Hayao Miyazaki, iliyotoka kati ya mwaka 1982 na 1994. Huyu ni binti wa mtawala, anayejua kupigana, lakini nguvu yake kubwa ni kukataa kuwachukia hata wadudu wakubwa wanaoogopwa na kila mtu.

Lakini nyingi kati ya hizo ni za Kiingereza, na mtoto wa shule ya msingi hapa kwetu anafundishwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo, ninyi mnaochora katuni za vichekesho vya ulevi na fumanizi, mchoreni Marwe. Ninyi wachapaji, mchapeni.

Pasaka iliyofuata nilipanda tena mlimani, nikamwita mpwa wangu, nikamwambia kuwa nilimdanganya, kisha nikamsimulia Marwe mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza kimya. Nilidhani atauliza habari za bangili au za kufufuka. Aliuliza jambo jingine: "Mjomba, kwa nini aliogopa nyumbani kuliko alivyoogopa maji, kwa sababu ya maharage tu?"

Sikumjibu siku ile. Tangu hapo nimeacha kuwauliza wazee kama wasichana wetu wasome vitabu vya namna hii. Nawauliza wanipe jibu la kumpelekea mtoto yule.