Safu ya Afya: Picha na Kinyofu



Barazani hapa Al Amerat tumeulizwa: ikiwa mashine ya sumaku imeshapiga picha ya tezi dume, sindano ya kutoa kinyofu ni ya nini tena?

Picha huonesha doa, wala haiapi kuwa doa hilo ni saratani. Hukumu hutoka kwenye hadubini. Lakini sindano nayo ikipita kando ya doa, hadubini itasoma nyama nzima, na mgonjwa ataambiwa yu salama ilhali sivyo. Ndiyo maana mabingwa huoanisha picha na vinyofu, mahali kwa mahali. Kazi hiyo ni ngumu: tezi ikitolewa mwilini na kutiwa dawa ya kuihifadhi hunywea, na sura yake hailingani tena na picha.

Huko Uingereza, utafiti wa PROMIS uliochapishwa mwaka 2017 uliwapiga picha wanaume 576, kisha wakatolewa vinyofu kila milimita 5. Picha ilizitambua saratani za hatari 93 katika kila 100. Sindano ya mazoea, iliyoongozwa kwa mawimbi ya sauti, 48 tu.

Basi mzee akitakiwa kutolewa kinyofu, aulize: picha imekwisha kupigwa? Sindano italenga doa? Wapo wanaoikimbia wakidai huusambaza ugonjwa, nao hurudi wamechelewa. Wengine ni haya tu; hao, enyi watoto wao, wasindikizeni. Na picha za zamani, hata za Unguja, zichukuliwe.