Kiburi Kilichomezwa Tabora

Kati ya wapitao Kitete leo, katika mji huu wa Tabora ilimotua misafara ya pembe za ndovu, ni wachache wakumbukao kwamba hapa, Januari 1958, wajumbe wa mkutano wa chama cha TANU, waliokuwa na kila haki ya kughadhibika kwa sharti la kura tatu, lililomlazimu mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, walishawishiwa na kiongozi wao, Mwalimu Nyerere, waimeze fedheha ile na kuingia uchaguzini. Zuberi Mtemvu, mwenzao chamani, hakuridhia, akajitenga, wala ghadhabu yake haikuwa ya upuuzi. Lakini wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda, na uhuru wa Tanganyika ukapatikana 9 Desemba 1961. Viongozi wetu wanaosusia vikao kwa kunyimwa kiti cha mbele, na waisome historia ya Tabora.