Mrabaha wa Maji: Haki, Wala Si Hisani

Mito inayoteremka Mlima Kenya upande wa Embu, kutoka miinuko ya Kibugu na jirani zake, haikomi kwenye mashamba ya chai na kahawa. Rupingazi huingia Thiba, nao Thiba humwaga maji yake katika bwawa la Kamburu. Hapo maji hugeuka umeme, na umeme ukageuka fedha. Kuanzia Kindaruma, 1968, hadi Kiambere, 1988, vituo vitano vilijengwa katika Mto Tana, na uwezo wake kwa jumla ni takriban megawati 600. Je, aliyeyatunza maji hayo, na aliyeachia ardhi yake ili bwawa lijae, wana fungu gani katika mapato?

Katiba ya 2010, kifungu cha 69, yaiagiza Serikali ihakikishe kuwa manufaa ya maliasili yanagawanywa kwa usawa. Sheria ya Kawi ya 2019 ililitimiza agizo hilo nusu nusu. Mrabaha wa mvuke wa ardhini hugawanywa hivi: asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya mahali. Kwa maji na upepo, sheria hiyo haikuweka mgawo kama huo. Hivyo mwenyeji wa Olkaria ana kifungu cha kushika mkononi. Mwenyeji wa Mbeere ana ahadi.

Wapo watakaosema kwamba umeme ni wa Wakenya wote, na kwamba kila eneo likidai chake bei itapanda. Hoja hiyo ina uzito, kwani mrabaha hatimaye hulipwa na mtumiaji. Lakini kuwapuuza wenyeji nako kuna gharama. Mradi wa upepo wa Kinangop, uliokusudiwa kuzalisha megawati 60, ulivunjika mwaka 2016 baada ya upinzani wa wakazi. Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, kule Marsabit, zilipatikana kinyume cha sheria. Kesi na ucheleweshaji pia hulipiwa.

Njia nyingine ipo, nayo ni umiliki. Kiwanda cha chai cha Imenti, Meru, kina mtambo mdogo wa maji, na ziada ya umeme wake imeuzwa kwa gridi ya taifa. Wenye kiwanda ni wakulima wenyewe. Faida haiwajii kama sadaka.

Bunge basi lina kazi tatu. Kwanza, mgawo wa mvuke upanuliwe hadi maji na upepo. Pili, neno “jamii” lisiishie ukingoni mwa bwawa. Mkulima wa Kibugu anayeacha kulima kingo za mto huuzuia udongo usilijaze bwawa. Naye ni mshirika katika uzalishaji. Tatu, hesabu za fungu la wenyeji zisomwe hadharani barazani, lisije likaliwa na kamati.

Wahenga walinena kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Wenyeji wa mito hii wapo, na maji yao yafika Kamburu kila siku. Kilichobaki ni jina lao kuandikwa katika sheria.