*TUSIJISIFU KWA AKIBA YA TAIFA HUKU HATUNA GUNIA NDANI*



Wiki hii katika kundi letu imezunguka picha inayosema Tanzania inaweka akiba kuliko Kenya. Wapo walioshangilia, wapo waliosema ni uongo. Sisi viongozi wa tawi tunatoa maoni yetu.

*Kwanza, jambo lenyewe ni kweli.* Katikati ya miaka ya 1990 Kenya ilikuwa mbele yetu. Miaka ya karibuni mambo yamegeuka: akiba yetu ni zaidi ya robo ya pato la taifa, ya wenzetu haifiki moja ya tano. Na hapo zimehesabiwa hata fedha ambazo Wakenya walio nje hutuma nyumbani, karibu dola bilioni 5 mwaka 2024.

Si jambo dogo. Nchi isiyoweka hujenga kwa akiba ya wengine. Reli ya TAZARA inayopita hapa Ifakara ilijengwa 1970 hadi 1975 kwa mkopo wa China. Kenya nayo ilikopa China kujenga reli ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa 2017.

*Pili, tuelewe akiba hiyo ni nini.* Si fedha iliyolala benki kwa jina lako. Ni hesabu ya kutoa: mapato yote ya nchi, toa matumizi ya kaya na ya serikali, kinachobaki ndiyo akiba. Faida ambayo makampuni hayakuigawa nayo imo. Kwa hiyo taifa linaweza kuwa na akiba nono na mkulima wake akawa hana kitu.

*Tatu, turudi bondeni kwetu.* Benki yetu ni mpunga. Mei hadi Julai tunauza, tena kwa lumbesa, na wengine tumeshauza ungali shambani ili tupate fedha ya palizi. Januari, watoto wanataka sare na daftari, sisi tunanunua mchele.

Tuchukue mfano. Umeuza gunia 10 kwa shilingi 60,000, umepata 600,000. Januari gunia limefika 90,000. Hiyo 300,000 haikupotea. Katika hesabu ya taifa huenda imo, ila kwa jina la mwingine. Hatumwiti mnunuzi mwizi. Yeye alikuwa na ghala na subira, sisi tulikuwa na deni.

*Msimamo wa tawi ni huu:*

1. Kila kaya ya mwanachama ijitahidi kubakiza angalau gunia 3 hadi Januari.
2. VICOBA vyetu vianze kukopesha wakati wa palizi, siyo wakati wa sherehe tu, ili mtu asiuze mpunga mbichi.
3. Tupeleke hoja kwa diwani ili Halmashauri ya Mji wa Ifakara itenge fedha za ghala la wakulima wadogo.

Tukutane Jumamosi saa 10 jioni tuijadili hoja hiyo kabla ya kuipeleka. Asiyekubaliana nasi aje na hesabu yake, tutamsikiliza.

Tukishamaliza hayo, picha ya kuishinda Kenya tutaituma wenyewe.

_Imetolewa na Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati ya Tawi, Ifakara._