Nani Awekewe Nafasi Mjini?

Imeenea ada mpya ya ulaji jijini Dar es Salaam. Anayetaka chakula cha jioni, hasa mwisho wa juma, katika migahawa ya fahari ya Masaki au ya katikati ya jiji, hupiga simu mapema akataja jina lake, saa atakayofika na idadi ya wageni wake. Akikubaliwa, meza hukaa tupu ikimngoja, hata kama wengine wamesimama mlangoni.

Sina ugomvi na ada hiyo. Humsaidia mpishi kujua anunue samaki wangapi, na humwepusha mlaji na safari ya bure. Ninalotaka tulitafakari ni maana yake: kuweka nafasi ni ahadi kwamba mahali pako patalindwa kabla hujafika.

Ahadi hiyo hana mama lishe wa Kariakoo. Yeye huwasha jiko kungali giza. Wabeba mizigo, wauza duka, makondakta na hata makarani wa serikali hula kwake wali na maharage kwa bei inayolingana na mifuko yao. Hata hivyo, kila anapolala hana hakika kama kesho atakuta mahali pa kutua sufuria.

Tukumbuke mambo mawili. Desemba 2018 Rais John Magufuli alizindua vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000. Mama lishe naye alihesabiwa humo. Oktoba 2021 wafanyabiashara wadogo wakaondolewa kando ya barabara na katika njia za waenda kwa miguu. Kumbe kitambulisho kilimtambua mtu, hakikumtengea mahali.

Najua hoja ya wenye mamlaka. Njia za miguu zilizibwa, na moto ulioteketeza Soko Kuu la Kariakoo mwezi Julai mwaka huohuo ulitukumbusha hatari ya msongamano. Ni hoja ya kweli, lakini ni hoja ya kupanga, si ya kufukuza. Mama lishe humfuata mlaji. Ukimpeleka mbali na wapitao, umemfungia biashara, hata kama umempa kibanda kizuri.

Kwa hiyo nawaambia maofisa mipango miji, ambao wengi wao pia hula kwake mchana: nafasi yake ichorwe katika ramani. Kila soko jipya na kila ghorofa kubwa linaloombewa kibali Kariakoo litenge mahali pa mapishi penye bomba la maji, mfereji wa majitaka na paa. Kodi yake ilingane na kipato cha sufuria mbili.

Jiji linalomlindia kiti mgeni ambaye bado yumo katika foleni ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi haliwezi kusema kwamba halina njia ya kumlindia nafasi aliyekwisha kuwasha jiko.