Wagonjwa mahututi wa moyo: dawa ya usingizi inagusa pia homoni

Mgonjwa wa moyo akifikishwa hospitalini akiwa mahututi, mara nyingine waganga wanalazimika kumpa usingizi ili wamwekee mpira wa kupumulia. Dawa gani itumike? Hapo ndipo penye ugumu.

Mwili ulio hatarini hutoa homoni za kujitetea: adrenalini inayoharakisha moyo, na kortizoli inayosaidia presha isianguke. Dawa za usingizi hazizigusi kwa namna moja.

Etomidati inapendwa kwa moyo dhaifu kwa sababu haishushi sana presha. Lakini inazuia kazi ya tezi zilizo juu ya figo: dozi moja inaweza kupunguza kortizoli kwa karibu siku nzima. Mwaka 1983, waganga wa Glasgow, huko Uskoti, walionya kwamba vifo viliongezeka kati ya majeruhi mahututi waliopewa dawa hiyo mfululizo. Matumizi hayo yaliachwa. Kuhusu dozi moja, mabishano yanaendelea.

Ketamini, inayotumiwa sana katika hospitali zetu za mashariki mwa Kongo kwa kuwa ni nafuu na mgonjwa kwa kawaida anaendelea kupumua mwenyewe, inapandisha presha na mapigo. Kwa moyo ambao mishipa yake imeziba, huo ni mzigo. Kwa moyo uliochoka kabisa, presha inaweza hata kushuka.

Kwa hiyo kila dawa ina hatari yake, na muganga anapima akitegemea anachojua. Familia isinyamaze: kabla ya sindano, imwambie ugonjwa wa mtu wao na dawa anazokunywa.