Ubingwa wa Shule Usilipiwe kwa Mkono wa Kijana

Julai 2019, kocha wa Ofunato, shule ya sekondari mkoani Iwate, Japani, alimpumzisha Roki Sasaki katika fainali ya kuwania nafasi ya kwenda Koshien, mashindano ya besiboli ya shule yanayosimamisha nchi nzima. Siku iliyotangulia kijana huyo alikuwa amerusha mipira 129. Ofunato ikalala 12-2 mbele ya Hanamaki Higashi, na lawama zikaiandama shule. Kocha yule alikuwa sahihi, na kinachosikitisha ni kwamba uamuzi mzito hivyo aliachiwa peke yake. Tangu 2020 ipo kanuni ya kikomo cha mipira 500 kwa wiki kwa kila mrushaji, lakini haitoshi: inamruhusu kijana kurusha 150 leo na 150 kesho. Kila mrusho huvuta ukano wa kiwiko, na misuli inayoukinga ikichoka, mzigo huuangukia wenyewe.

Watetezi wa jadi humtaja Daisuke Matsuzaka, aliyerusha mipira 250 katika mechi moja mwaka 1998 na bado akafika ligi kuu ya Marekani. Ni kweli, ila naye alipasuliwa kiwiko 2011, na walioumia wakingali shuleni hawatajwi na mtu. Hoja kwamba kikomo kikali kingeziumiza shule ndogo zenye mrushaji mmoja hodari ina uzito zaidi. Hata hivyo, kikomo cha kila siku chenye mapumziko ya lazima kingezibana timu zote sawasawa, na kumlazimisha kocha kumwandaa mrushaji wa pili tangu mwanzo wa msimu.